Waliopunguziwa Salamu

Aliyeketi na ajisogeze, aliyesimama na atafute ukuta, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi amalize. Maana habari hii ina mahali inaposemwa kwa sauti ya chini, na atakayepitwa asije akanigombeza mimi.

Basi alikuwapo mwanamke aitwaye Sikudhani binti Feruzi, mpiga vigelegele. Si wa kujipachika; wa kualikwa. Harusi ikimkosa Sikudhani, watu walirudi makwao wakiulizana kama ndoa imefungwa kweli au bwana harusi alikuja kula pilau tu. Dunia ilikwisha kumzaba makofi ya kutosha. Duka lake la kanga liliungua. Mumewe alitoka kwenda kununua mafuta ya taa, na mpaka leo mafuta hayo hayajapatikana. Meno mawili ya mbele aliyaacha kwenye ngazi za ofisi ya ardhi, alipokuwa akiwahi foleni. "Hasara gani?" alisema. "Zamani sauti yangu ilitokea mlangoni tu. Sasa ina dirisha pia."

Aliyebaki naye duniani ni kaka yake, Chande, mtu mrefu, mtani kama yeye, aliyeoa katika nchi ya Taratibuni akakaa huko huko. Kila Ijumaa Chande alipiga simu. Kisha sauti yake ikaanza kupungua. Sikudhani akailaumu simu, akanunua nyingine. Akailaumu laini, akabadilisha. Akaulaumu mnara, akaenda kusimama chini yake na kuutukana mbele za watu. Ijumaa ya mwisho alisikia pumzi tu, na ndani ya pumzi ile kitu kama neno, dogo mno, kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi uliofunikwa. Sikudhani hakungoja Ijumaa nyingine. Alifunga mzigo akaenda kumchukua.

Njia yenyewe tuiache. Aliondoka, akafika; wanaopenda habari za njia wakawaulize wenye mabasi.

Mpakani palikuwa na askari mmoja nadhifu, Koplo Bushiri, amepinda mgongo kama mtu anayetafuta sindano. Hakufungua mzigo wala hakuuliza cheti.

"Karibu sana, mama. Piga kelele."

"Kwa nini? Umenikanyaga?"

"Mara moja tu, kwa nguvu zako zote. Ni utaratibu. Tunataka kujua unaanzia wapi."

Mtu akimwomba Sikudhani kelele ni kama kumwomba kuku apekue. Alitia mkono mdomoni, akaachia kigelegele cha bibi harusi anayetoka ndani. Ndege waliruka kutoka kwenye nyaya. Mbuzi wa koplo alikata kamba. Koplo mwenyewe alishika kofia, akatabasamu, kisha tabasamu likamwishia polepole.

"Imepokelewa," alisema.

"Mnaiweka wapi?"

"Hatuiweki popote, mama. Tunaikumbuka mpaka kesho. Kesho tutaikumbuka ya kesho."

Sikudhani alicheka, akaingia mjini.

Mji wa Taratibuni ulikuwa safi, na watu wake wapole kupita kiasi. Walimwamkia mgeni kwa sauti kubwa, wakamuuliza habari za nyumbani, za safari na za mzigo. Lakini wote walikuwa wamepinda mgongo kama koplo, hata vijana, na milango yao ilimfika Sikudhani kifuani. Jambo jingine, watu walipokuwa wakitembea, mara kwa mara walipinda njia kidogo, kama mtu anayekwepa dimbwi. Sikudhani alitazama. Hapakuwa na dimbwi. Palikuwa na mchanga mtupu, na juu ya mchanga ule hakuna aliyepita.

Na neno moja lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Mwenye paa linalovuja alisema, "Hafifu." Mwenye kiatu kilichotoboka alisema, "Hafifu." Palikuwa na harufu ya kitu kinachoungua mahali fulani, na Sikudhani alipouliza ni wapi, mama muuza bamia alinusa kwa adabu, akajibu, "Hafifu, shoga," na wote waliokuwa karibu wakapumua kama watu waliotuliwa mzigo. Katikati ya uwanja palikuwa na ubao, na juu yake maneno haya: HAFIFU NI KILA KINACHOFANANA NA JANA.

"Namtafuta Chande Feruzi," alisema Sikudhani. "Mtu mrefu, ana utani mwingi."

"Chande?" alisema muuza bamia, akichagua bamia zake. "Hafifu."

Sikudhani akakimbia.

Hebu nikueleze kwa nini alikimbia, maana pale sokoni walimshangaa kama mbwa aliyeingia msikitini. Kwao Sikudhani neno hilo lilikuwapo pia. Kitambaa chepesi kiliitwa hafifu, taa inayokaribia kuzimika, chumvi isiyotosha. Lakini siku mama yao alipokuwa anakata roho, shangazi alitoka nje ya chumba akasema maneno mawili tu, "Pumzi hafifu," na nyumba nzima ikahamia kitandani. Aliyekuwa akipasua kuni aliacha shoka kwenye gogo. Sikudhani na Chande waliinama mpaka masikio yao yakagusa midomo ya mama, wasikie wasia. Mama akasema, "Maharage yanaungua." Ndilo neno lake la mwisho. Walilia wakicheka, wakacheka wakilia, na maharage kweli yaliungua. Toka hapo, kwa watu wale wawili, hafifu lilikuwa neno la kumfanya mtu ainuke alipokaa.

Nyumba ya Chande ilikuwa mwisho wa mtaa. Mkewe, Mwajabu, alimpokea Sikudhani kwa machozi na vicheko, wifi kwa wifi, akamwingiza kwa kumkandamiza kichwa kama mama anayemvisha mtoto fulana.

"Angalia kizingiti, wifi."

"Kizingiti au kiti? Kwenu milango mnaipanda kama miche, ikiwa bado midogo?"

"Ndivyo ilivyo," alisema Mwajabu. "Ndivyo ilivyokuwa jana."

Alileta kahawa. Kikombe cha mwenyeji, kikombe cha mgeni, kisha akaenda dirishani, penye kigoda kitupu, akaweka juu yake kifuniko cha chupa ya marashi. Ndani ya kifuniko alidondosha kahawa kwa ncha ya kijiti. Alifanya hivyo bila kuangalia, kama mtu anayefunga kifungo.

"Hicho cha nani?"

"Cha mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Si yupo?" alisema Mwajabu, kwa sauti ya mtu anayesema nje kuna kivuli. "Yu hafifu tu, wifi. Zamani nilikuwa namsikia akijigeuza kitandani."

Sikudhani alikitazama kigoda. Hapakuwa na mtu. Pazia lilikuwa limetulia. Alipogeuka kuchukua kikombe chake na kutazama tena, kifuniko kilikuwa kikavu.

Ule utani wake wote ukamkauka pamoja na kahawa ile. "Ulimnyima, Mwajabu?"

"Sikumnyima!" Mwajabu alishika kifua. "Wallahi sikumnyima hata siku moja. Kila siku nilimpa kama jana."

Sikudhani alishika njia ya Barazani.

Ukumbi wa Baraza la Taratibuni uliingiwa kwa magoti. Dari lilikuwa chini kiasi kwamba wajumbe walikaa juu ya mikeka, videvu magotini, na kofia ya Bwana Kadiri, Mpimaji Mkuu wa Hafifu, ilikuwa imebanwa ikawa bapa kama chapati. Sakafuni zilionekana alama za mviringo za miguu ya viti, na kando yake alama ndogo zaidi za miguu ya vigoda. Vumbi la chokaa lilishuka taratibu kwenye karatasi za wajumbe, nao walilipuliza bila kukatisha mjadala.

Siku ile walikuwa wakijadili dari. Upande wa serikali ulishikilia kwamba jambo hilo ni hafifu, kwa hiyo halipo. Upande wa upinzani, ukiongozwa na Bi Tausi, mwanamke mwenye miwani na hasira, ulipinga vikali: jambo hilo ni hafifu mno, kwa hiyo halijapata kuwapo. Walitukanana sana. Mjumbe mmoja wa nyuma aliinua mkono kuomba nafasi, mkono ukagonga darini, akaurudisha, nao wakaandika kwamba hakuna mwenye hoja ya ziada.

"Nimekuja kumwombea kaka yangu, Chande," alisema Sikudhani. "Alikosa nini?"

Ukumbi ulikohoa. Bwana Kadiri alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya daktari anayekwambia sindano haiumi.

"Mgeni wetu Chande alialikwa hapa kwenye sikukuu. Alisimama kutoa shukrani, akagonga kichwa. Hilo si kosa, wengi hugonga. Ila alisema neno."

"Neno gani?"

Wajumbe waliziba masikio. Bi Tausi aliinama akanong'ona, "Alisema, 'Mbona mwaka juzi sikugonga?'"

"Kwetu jambo hulinganishwa na jana," alieleza Bwana Kadiri. "Anayelinganisha na mwaka juzi anawatia watu hofu ya kitu ambacho hakikutokea siku yoyote. Wewe mwenyewe, mama, nionyeshe siku dari hili liliposhuka."

"Siku gani? Limeshuka siku zote!"

"Nionyeshe moja."

Sikudhani alianza kuhesabu kwa vidole, akaishia kidole cha kwanza.

"Hakuna," alisema Bwana Kadiri, karibu kwa huruma. "Basi halikushuka."

"Kwa hiyo mkamfunga."

Hapo Baraza zima lilikasirika. Kufunga? Wao? Taratibuni hapakuwa na gereza, fimbo wala faini. "Tulimsalimu," alisema Bwana Kadiri, ameumia kweli. "Kesho yake tukamsalimu kama jana. Kasoro hafifu. Na keshokutwa vivyo hivyo. Mpaka leo tunamsalimu, mama. Muulize yeyote. Hakuna aliyeacha."

"Na akifa?"

"Anayekufa taratibu vya kutosha, hafi. Anaendelea."

Chokaa ilishuka juu ya kofia ya Bwana Kadiri, naye akaipuliza.

"Kwetu," alisema Sikudhani, "mtu akiitwa hafifu, tunasogea."

"Mnasogea?" Bi Tausi alivua miwani. "Kwenye kitu ambacho hakionekani vizuri?"

"Sasa kama kinaonekana vizuri, nisogee kufanya nini?"

Walicheka kwa adabu. Sikudhani, ambaye hajawahi kuchekwa akanyamaza, akapiga kiganja sakafuni. "Na hizi je? Hapa palikuwa na viti! Hizi hapa alama! Mkashuka vigodani, alama zake hizi! Leo mmekaa mikekani, na mwakani mtajadili mkiwa mmelala chali!"

Bwana Kadiri hakupandisha sauti. Alimwekea Sikudhani mkono begani, akasema, "Nenda salama, mama. Utasalimiwa."

Asubuhi iliyofuata muuza bamia alimwamkia kama jana. Mwenye duka alimwamkia kama jana. Ilikuwa kama mtu amepunguza sauti ya redio kwa kidole kimoja. Siku zilizofuata pia, kama jana, kama jana. Kisha Sikudhani akagundua kwamba anawasogelea watu ili asikie wanavyomjibu. Akagundua kwamba ukingo wa wali kwenye sahani yake unaonyesha ua lililochorwa, na ua hilo alipofika halikuwa likionekana. Sahani ile alipakuliwa na Mwajabu, aliyempenda. Siku moja alikuwa katikati ya barabara, na watu waliokuwa wakija mbele yake wakapinda njia kidogo, kwa upole, macho yao mbele, kama wanaokwepa dimbwi.

Alisimama palepale mchangani. Akakumbuka mchanga ule wa siku ya kwanza, usiokanyagwa, na jinsi ulivyokuwa mwingi mjini.

Hapo ndipo alipojua kaka yake alipo. Hakuwa amekwenda popote.

Alirudi nyumbani, akapiga magoti mbele ya kigoda cha dirishani, akaweka sikio pale ambapo mdomo wa mtu aliyekaa ungekuwa. Alikaa hivyo muda mrefu. Mwajabu alimwona, akaacha kufagia. Nje jogoo aliwika, mtu akacheka, gurudumu la mkokoteni likalia. Sikudhani alizipita sauti hizo moja moja, kama mtu anayepita vyumba. Chini kabisa, baada ya sauti zote, palikuwa na pumzi. Na ndani ya pumzi:

"...rage..."

"Sema tena, kaka. Nimesogea."

"Maharage yanaungua."

Sikudhani alilia kilio cha mtu anayecheka. "Yupo!" alimwambia Mwajabu. "Yupo, na bado ana ujinga wake!"

Mwajabu alitupa ufagio, akajaza kikombe kikubwa kahawa mpaka juu, akakiweka kigodani. Kahawa ilitikisika kidogo, kama iliyopulizwa, basi. Ikapoa. Mtu aliyezoea kifuniko hakuwa na mkono wa kuinulia kikombe.

"Hataweza," alisema Mwajabu, akijipiga kifua. "Nimemmaliza, wifi."

Sikudhani alifikiri, akiuma kucha. Kisha ile sura yake ya utani, ile ya harusini, ikamrudia.

"Sheria yenu inasemaje? Jambo hafifu halipo, si ndiyo? Kupunguza kidogo hakupo. Basi na kuongeza kidogo hakupo vilevile. Kesho mpe kama jana. Ila tone zaidi. Na umwamkie kama jana, ila unywele mmoja juu."

"Itachukua muda."

"Waliompunguza walikuwa na haraka?"

Mwajabu alimtazama wifi yake, au alitazama mahali alipodhani yupo. "Na wewe? Bado unasikika mpaka dukani. Ondoka leo, wifi. Ukikaa mpaka yeye apande, wewe utakuwa umeshuka."

"Nikiondoka leo nitaondoka na mzigo wangu tu. Na mimi sikuja kuchukua mzigo."

Basi ndivyo walivyofanya. Kifuniko kikawa kijiko. Kijiko kikawa kikombe cha kuchezea watoto. Mwajabu aliamka kila asubuhi, akasimama mbele ya kigoda, akamsalimia mumewe kama jana na unywele juu yake, na baada ya siku nyingi kigoda kikalia kama kinavyolia kikibeba mtu. Pazia likapata umbo la bega. Mikono yake Mwajabu ilikuwa imezoea kupunguza. Huko kuongeza ilikuwa ndiyo kwanza inajifunza, nako kulitosha mtu mmoja. Sahani ya Sikudhani ikawa sahani ya kikombe. Hakumlaumu. Kila siku alijaribu kigelegele uani, na kila siku njiwa wa jirani walishtuka kidogo kuliko jana, mpaka siku ile ambapo alikipiga kwa nguvu zake zote na njiwa mmoja, aliyekuwa karibu na mguu wake, akaendelea kudonoa.

Siku ya pili yake Bwana Kadiri alikuja kukagua. Aliingia kwa magoti, akakitazama kikombe cha kigodani, ambacho sasa kilikuwa kikombe kweli.

"Hiki jana kilikuwaje?"

"Kama leo, mheshimiwa," alisema Mwajabu.

"Tofauti?"

"Hafifu."

"Raia mwema." Bwana Kadiri aliridhika. "Na yule mgeni wa kelele?"

"Yupo," alisema Mwajabu, akiyazuia machozi yasidondoke. "Kwa mbali."

Sikudhani alikuwa amesimama mbele ya pua ya Bwana Kadiri, mkono kiunoni, anamwambia kwamba kofia yake ingepata mchuzi wa nazi ingelika. Bwana Kadiri alijikuna sikio kama mtu aliyepitiwa na mbu, akatoka.

Asubuhi moja Chande alikaa kigodani, amekonda, mrefu vilevile, magoti yakimfika kidevuni. Mwajabu alimwamkia, naye akajibu kwa sauti iliyosikika chumba kizima. Walishikana wakalia. Kisha Chande akamwachia mkewe, akageuza kichwa kuelekea pembe ya nyuma ya mlango, kama mtu aliyeitwa.

"Mwajabu," alisema, "mama yako anaomba uji."

Mwajabu alisimama bila kupepesa macho. 

"Mama yangu..." alisema. "Mama alikuwa akikaa pale. Mimi... wifi, nilikuwa nimesahau kwamba nina mama."

Alikwenda nyuma ya mlango, akapiga magoti, akapapasa. Chini, kwenye ufa wa sakafu, palikuwa na kitu kama punje ya mtama, kimetobolewa katikati kwa ustadi mkubwa. Kilikuwa kikombe. Alikuwa akikifagia kila asubuhi.

"Nilikuwa namsikia tangu nilipofika chini huko," alisema Chande. "Huko kila mtu anasikika. Pamejaa, Mwajabu. Mtaa mzima umejaa."

Hapo ilibidi waamue, maana Sikudhani alikuwa akiyeyuka kila saa aliyokaa. Mwajabu hakuondoka. Alikuwa amekwisha kuchovya ncha ya sindano kwenye uji. "Mpeleke dada yako kwao," alimwambia mumewe. "Nikimpata mama, nitakuja naye. Nisipompata leo, kesho nitampa kama leo. Na tone juu."

Chande alitoka nje peke yake, kwa macho ya mtaa. Alinyoosha mkono wa kushoto kidogo, vidole vimekunjwa, kama anayemshika mtu. Watu walimwamkia kwa mshangao mdogo, kisha wakaona ni kama jana.

Mpakani, Koplo Bushiri alimpekua kwa macho.

"Mnatoka wangapi?"

"Wawili," alisema Chande.

Koplo aliangalia nyuma yake, kushoto, kulia. "Namwona mmoja."

Sikudhani alimpungia mkono koplo mbele ya macho. Alimvuta kofia, kofia haikusogea. Alikumbuka mbuzi aliyekata kamba, akajaza kifua hewa yote ya nchi ile, akatia mkono mdomoni, akaachia kigelegele chote kilichobaki mwilini mwake, cha harusi zote, cha duka lililoungua na mume asiyerudi. Mbuzi alikuwa amelala karibu yake. Aligeuza sikio moja.

Mkono wa Chande ulikuwa bado umekunjwa, lakini Sikudhani alihisi vidole vyake vikianza kufumbata hewa. Kaka yake alikuwa akimtafuta kwa macho, na macho yalipita juu yake yasisimame. Sikudhani akaona usoni mwa Chande hofu ambayo hakuwahi kuiona. "Dada?" aliita. "Dada, upo?"

"Alikuwapo mama mmoja wa kelele," alisema koplo, akikumbuka kwa taabu. "Lakini huyo, bwana, si ni... hafifu."

Chande alisikia neno lile, na mwili wake ukafanya ulichofundishwa kando ya kitanda cha mama. Hakugeuka kwenda zake. Alipiga magoti katikati ya njia, mtu mzima, mrefu, mbele ya askari, akavua kofia, akainamisha kichwa mpaka sikio lake likawa shubiri moja na mchanga. Akafunga macho, akangoja. Koplo alimwambia ainuke. Hakuinuka. Watu wa nyuma walipinda njia.

Sikudhani akasogea. Alipiga magoti naye, akaweka mdomo kwenye sikio la kaka yake. Alikuwa amepanga mengi ya kusema, na sauti iliyobaki ilitosha maneno mawili.

Bega la Chande lilitikisika. Koplo Bushiri alidhani mtu yule analia, akatazama pembeni kwa heshima. Lakini alikuwa akicheka, amekumbatia hewa kwa mikono miwili, akicheka mpaka machozi yakalowesha mchanga.

"Basi twende nyumbani, dada," alisema, "tukayaepue."

Akavuka mpaka ameinama hivyo hivyo, sikio lake likiwa upande wa kushoto. Wanaoishi kando ya njia ile wanasema alikwenda hivyo mpaka kwao, polepole, akisimama kila baada ya hatua kumwamkia mtu. Na kila alipoamkia, alipandisha sauti kidogo.

Mimi nimeifikisha hapa. Usiposikia vizuri, usiniambie nirudie. Sogea.